Mtaalamu wa Benchi la Nane

Kwa miaka kumi na tisa Bi Reki aliingia bustanini kabla ya mji kuamka vizuri na kutoka baada ya ofisi kufungwa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukaa humo hata mara moja. Si kwamba alikatazwa kwa maandishi. Siku yake ya kwanza kazini, msimamizi wa wakati huo alimkuta mfanyakazi mmoja amekaa kivulini anakunywa maji. Akamuuliza, "Wewe umeajiriwa uwe mti?" Kufikia mchana yule mfanyakazi alikuwa ameshamwaga unga. Bi Reki aliyaona hayo akiwa ameshika reki mpya, ina karatasi ya dukani bado, na tangu hapo yeye na mabenchi ya bustani ile wakawa wanajuana kwa mbali tu. Alikuwa akiyafuta vumbi, akiyapaka rangi, akiyageuza miguu juu kuyatoa buibui. Kuyakalia, hapana. Hata jina alilopewa na wazazi wake lilipotea polepole, na jengo zima la halmashauri, kuanzia mlinzi hadi Mkurugenzi, likawa linamwita Bi Reki.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa mbele ya jengo hilo: uwanja wa nyasi, mabenchi matatu ya mbao, miti saba ya kivuli, matuta ya maua, na chemchemi ya saruji ambayo ilitoa maji siku ya uzinduzi tu, na siku hiyo yalikuwa yakimiminwa kwa ndoo na watu waliojificha nyuma yake. Lakini watu waliipenda. Waliokuja kufuatilia hati zao wakaambiwa mwenye funguo ametoka, walimsubiri pale. Akina mama waliotoka kliniki walinyonyesha pale. Wastaafu wawili walicheza drafti pale kila siku na kugombana kila siku, na asipofika mmoja mwenzake alikosa raha. Ukitaka kusema kweli, bustani ile ndiyo idara pekee ya halmashauri iliyomhudumia mtu papo hapo bila kumwambia arudi kesho.

Mwanzoni mwa mwaka vikatokea vigingi. Kumi na viwili, vimepakwa rangi nyekundu kichwani, vimepigwa katikati ya nyasi alizozipanda mwenyewe kwa mkono, shina moja moja. Bi Reki akawafuata wapima ardhi waliovipiga.

"Jamani, hivi ni vya nini?"

"Maegesho, mama. Magari ya wakubwa yanaungua jua."

Halmashauri ile ilikuwa na magari mengi kuliko safari, na Mwenyekiti wa Kamati ya Mandhari, mtu mwenye sauti nene na subira nyembamba, alikuwa ameapa kwamba mwaka hautaisha kabla gari lake halijalala kivulini. Kivuli kilichokuwa karibu ni cha ile miti saba. Mpango ulikuwa umeshachorwa: nyasi zing'olewe, pawekwe saruji, miti ibaki kwa ajili ya magari, na watu watafute pa kwenda. Bi Reki naye angehamishiwa korido za ghorofa ya pili, akafagie vumbi linaloingia na viatu vya watu.

Siku hiyo alirudi nyumbani hana hamu ya chakula. Mumewe alikuwa fundi viatu, akifanyia kazi barazani, katikati ya makopo ya mafuta ya kupikia ambayo mkewe alikuwa ameyajaza maua mpaka wateja walikosa pa kuweka miguu.

"Korido ni ndani, mke wangu," alisema, msumari mdomoni. "Hakuna jua wala mvua. Si afadhali?"

"Kwenye korido kunaota nini?"

Fundi viatu akafikiri. "Foleni."

Siku nyingine angecheka. Leo alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, na wala hakuona haya kulia. Bustani ile ilikuwa imemla nusu ya umri wake, na sasa inataka kuliwa yenyewe na matairi.

Kilikuwepo kikwazo kimoja, nacho kilikuwa kanuni. Kanuni ilisema eneo la wazi la umma halibadilishwi matumizi mpaka kamati iende kwanza kujifunza katika bustani ya mji mwingine, na ilete taarifa ya yale iliyoyaona huko. Aliyeitunga bila shaka alidhani kwamba watu wakiona bustani nzuri ya wenzao wataona aibu kuiharibu yao. Hakuwajua wajumbe. Wajumbe waliisoma kanuni nzima wakaona humo neno moja tu, nalo ni "iende".

Ziara ikapangwa. Watu saba, siku tatu, mji mkubwa wenye bustani inayosifiwa. Na taarifa ya ziara ikakamilika wiki mbili kabla ya kuondoka. Msishangae, ndiyo ilikuwa taratibu ya kazi pale, na bingwa wake alikuwa Katibu wa kamati, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa ameshaandika taarifa za safari kumi na moja. Mbili kati ya hizo hazikufanyika kabisa, na ndizo zilizosifiwa kuliko zote. Alikuwa akiacha nafasi chache tu za kujaza baadaye. "Hali ya hewa ilikuwa nanihii. Wajumbe walipokelewa na fulani kwa furaha." Mengine yote wino ulikuwa umeshakauka. Ukurasa wa sita ulieleza jinsi wajumbe "walivyojionea kwa macho yao wenyewe" kwamba bustani ya kisasa haihitaji nyasi, na kwamba mwananchi hupumzika vizuri zaidi akitazama magari yaliyopangwa kwa utaratibu.

Bi Reki hakuwa kwenye orodha. Lakini barua ya wenyeji ilitaka msafara uwe na mtu mmoja anayeshika udongo kwa mikono yake. Kwanza liliandikwa jina la shemeji wa Mhandisi, mjumbe wa kamati; huyo shemeji aliwahi kushika udongo alipoanguka na pikipiki. Siku mbili kabla ya safari shemeji akaota jipu, mahali ambapo mtu hukalia, na safari ilikuwa ya saa nane kwenye basi. Akatafutwa mtu wa haraka. Katibu akachungulia dirishani, akamwona Bi Reki ameinama kwenye matuta ya maua.

"Yule pale," alisema. "Hana maneno mengi."

"Unakwenda kutazama nyasi?" mumewe alimuuliza jioni ile akimng'arishia viatu. "Za hapa umezimaliza?"

"Nakwenda kuona wenzetu wanafanyaje."

"Na ukiona?"

Bi Reki akageukia mkoba wake. Alikuwa anajua vizuri kwamba anapelekwa kusindikiza mazishi ya bustani yake. Akaweka kwenye mkoba gauni la kutokea, miwani ya kusomea na kijembe kidogo cha kupalilia, kilichofungwa kwenye gazeti. Kijembe hicho hakuwa na sababu ya kukibeba. Mkono tu ulizoea.

Siku ya pili ya ziara, kwa mujibu wa ratiba, ilikuwa ya kutembelea bustani kwa saa tatu. Asubuhi wajumbe walisikiliza mada katika ukumbi wa hoteli, madirisha yamefungwa, pazia zimeshushwa, viyoyozi vinavuma, na mada yenyewe ilihusu faida za hewa safi. Mhandisi alichapa usingizi wa haki. Kisha wakala chakula cha mchana, na chakula kilikuwa kizito. Mwenyekiti alipotoka mezani, alilitazama jua kama mtu anayetazama jirani mkorofi.

"Bustani tutaikagua tukiwa ndani ya basi," alitangaza. "Ukiwa mbali kidogo unaona picha nzima."

Basi likaizunguka bustani. Katibu alipiga picha kupitia kioo. Nyingi zilitoka na sura yake mwenyewe. Walipomaliza mzunguko wa kwanza, Mhandisi, ambaye alikuwa amelala upande usiokuwa na bustani, aliomba warudie, wakazunguka tena. Bi Reki alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa, paji la uso limegusa kioo. Aliona majani ya kijani hata asiyoyajua majina. Aliona watu wamelala juu ya nyasi. Wamelala chali, viatu pembeni, na hakuna anayewapigia filimbi.

"Naomba nishuke hapa," alisema.

Wote wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu safari ianze wamsikie akisema kitu zaidi ya "asante".

"Utapotea, mama," alisema Mwenyekiti.

"Bustanini? Mimi?"

Dereva akacheka, akafungua mlango. Katibu akakumbuka jambo, akamrushia karatasi kwenye bahasha. "Basi nisaidie kitu kimoja. Hii ni fomu ya uthibitisho wa ziara. Waigongee muhuri pale langoni, kisha utaniletea hotelini." Alisema hivyo kwa wepesi, akiwaza kitanda chake, na basi likaondoka.

Langoni palikuwa na kibanda, na kibandani palikuwa na karani, mwanamke kijana mwenye kalamu sikioni na daftari kubwa mbele yake. Alimwandika Bi Reki, akaandika saa aliyoingia, akamwambia muhuri hugongwa wakati wa kutoka.

Bi Reki akaingia. Jamani, aliingia! Kwanza alisimama tu. Bustani ilishuka bondeni na kupanda tena ng'ambo, na kila alipotupa jicho palikuwa na mtu anafanya jambo la bure kwa raha zake. Mzee mmoja alikuwa anasoma gazeti miguu peku. Mke na mume walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini kwa sababu ya uzuri wa mahali. Mama mmoja alikuwa amemwachia mtoto wake atambae kwenye nyasi, na mtoto alikuwa anakula majani mawili matatu, na dunia haikusimama.

Mwingine angetembea akafurahi. Bi Reki alitembea akakagua. Waridi limepogolewa vizuri, hilo alikiri. Maji yanamwagwa mapema, udongo unaonyesha. Lakini alipofika kwenye tuta la tatu, macho yakamtoka. Ndago! Katikati ya bustani inayosifiwa nchi nzima, gugu hilo limejichimbia chini ya waridi na kichwa limeinua juu kwa kiburi. Alitazama huku na huku. Akapiga magoti, akatoa kijembe kwenye gazeti, akalichimbua mpaka kwenye kitunguu chake cha chini. Palipo na moja pana kumi. Aliendelea, na ile kazi ilimtuliza moyo kuliko alivyotulia tangu siku ya vigingi.

Saa nzima ilipita. Alipofika langoni magoti yamejaa udongo, karani alifungua daftari na kugeuza upande wake.

"Andika hapa, mama. Ulikaa wapi?"

"Nilikaa?"

"Safu hii. Wageni wanaokuja kikazi lazima waandike benchi walilokaa, na muda. Kila mwaka tunaulizwa mabenchi yanatumika au yageuzwe kuni. Bila ushahidi yatachukuliwa."

Bi Reki akaandika polepole, herufi kubwa: *Tuta la tatu. Nilipalilia.*

Karani alisoma, akamtazama, akatazama magoti yake. "Mama, wewe ni mfanyakazi wetu?"

"Hapana, mwanangu. Mimi mgeni."

"Basi mgeni akae. Kupalilia hakuna safu yake humu. Hujakaa, sikugongei."

"Lakini nimeona kila kitu."

"Umeona majani. Nenda ukakae, mama. Bustani bado iko wazi."

Akarudi. Aliona haya kama mwanafunzi aliyerudishwa kunawa mikono. Benchi la kwanza lilikuwa na watu, la pili lina watu, na hivyo hivyo mpaka la nane, lililokuwa tupu, kwenye mteremko. Akaketi pembeni kabisa, mkoba mapajani, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alisubiri ile sauti iulize kama ameajiriwa awe mti. Haikuja. Baada ya dakika kadhaa aliegemea. Mbao zilikuwa na joto la jua. Akanyoosha miguu.

Hapo ndipo alipoinua macho, na akagundua jambo la ajabu. Kwa miaka kumi na tisa bustani aliijua kwa kutazama chini. Alijua mizizi, wadudu, vipande vya chupa, vizibo. Juu hakuwahi kupafanyia kazi, basi hakuwahi kupatazama. Kumbe matawi yalikutana. Kumbe upepo ukipita, majani ya upande huu yanaanza na ya upande ule yanamalizia. Mawazo yake yakapungua kasi, moja moja, mpaka akabaki hana hata moja, na alikuwa na furaha, furaha tupu isiyokuwa na kazi ndani yake.

Kisha ikaja hasira. Kumbe hiki ndicho wanachokipata wale wazee wa drafti! Hiki ndicho anachokipata yule mama wa kliniki, na mtu aliyeambiwa mwenye funguo ametoka! Alikuwa amewapikia watu chakula miaka kumi na tisa bila kukionja, na sasa ameonja, na mtu anataka kukimwagia saruji ili gari lisipate joto. Alikaa na hasira yake palepale kwenye benchi la nane, na hata hiyo ilikuwa tamu.

Alipotoka, karani alijaza fomu kwa mwandiko wa wazi, akagonga muhuri wa duara, wa zambarau, akaitia kwenye bahasha. Bi Reki hakuisoma. Miwani ilikuwa chini ya mkoba, na kichwa bado kilikuwa juu mitini.

Kesho yake, basi lilipokuwa limeshauacha mji kwa mwendo wa saa mbili, Katibu alifungua bahasha ili ajaze zile nafasi zake. Akasoma. Akarudia kusoma. Sura ikamshuka.

"Mwenyekiti," alisema, "tumekwisha."

"Nini tena?"

Katibu akasoma kwa sauti. "Wageni walioingia: mmoja. Waliokaa: mmoja, benchi la nane, dakika hamsini na tano. Maelezo ya ziada: wengine walipita nje na basi mara mbili, hawakushuka."

Mwenyekiti akaipokonya fomu, akaisoma mwenyewe.

"Futa," alisema Mwenyekiti.

"Muhuri umepita juu yake."

"Tupa. Sema imepotea."

"Mkaguzi atapiga simu."

Neno hilo liliwaingia wote. Mkaguzi wa ndani wa halmashauri hakuwa na rafiki wala hakutafuta. Mwenyekiti aliyetangulia aling'oka kwenye kiti kwa simu moja tu, Mkaguzi alipoupigia mji uliodaiwa kutembelewa akaambiwa kule hata jina lake hawalijui. Mwenyekiti wa sasa alikipenda kiti kile, na gari lilikuja na kiti.

Katibu, bingwa ni bingwa, alifumba macho kidogo kisha akayafumbua. "Iko njia. Tuseme kamati ilimteua mtaalamu aingie ndani kwa niaba yake, wakati sisi tunakagua mipaka kwa nje. Mara mbili. Hapo fomu na taarifa zinapatana. Ila sehemu ya 'Yaliyoonekana' lazima atie saini aliyeingia."

"Na aliyeingia ni nani?"

Wote sita wakageuka kutazama kiti cha nyuma.

Mwenyekiti alitembea mwenyewe hadi kule, akishikilia viti basi lisimwangushe. "Mtaalamu," alisema kwa sauti ambayo Bi Reki hakuijua kama anayo. "Tia saini yako hapa, mama yangu. Kazi ndogo tu."

Bi Reki alitafuta miwani, akaipangusa, akaivaa, akaanza ukurasa wa kwanza.

"Huna haja ya kusoma. Ni mambo ya kitaalamu."

"Si mmesema mtaalamu ni mimi?"

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Walipita madaraja mawili. Alipofika ukurasa wa sita kidole kikasimama.

"Hapa pasemapo magari yamepangwa kwa utaratibu. Sikuyaona."

"Hukuangalia vizuri."

"Nimekaa dakika hamsini na tano, Mwenyekiti, zimeandikwa. Ndani hakuna gari hata la kusukuma mtoto. Na hapa pasemapo hakuna nyasi. Nyasi zipo, watu wamezilalia. Sitii saini kitu ambacho sikukiona."

Ile sauti mpya ikatoweka, ya zamani ikarudi. "Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimevaa miwani."

Dereva alikohoa. Mhandisi alisema mama huyu apewe muda, na Katibu akasema muda ndio hawana, Mkaguzi anataka taarifa kesho saa mbili asubuhi. Basi liliposimama ili watu wajinyooshe, Mwenyekiti alimwita Bi Reki kando, karibu na pipa la taka. Alijaribu kumtisha kwa korido. Bi Reki akasema korido ameshaambiwa, na ameshazililia, machozi yamekwisha. Alijaribu kumbembeleza kwa cheo. Bi Reki akasema yeye ameshakuwa mtaalamu tangu asubuhi, hataki kupanda haraka mno, atapata kizunguzungu. Si kwamba alikuwa jasiri. Alikuwa anaogopa, lakini aliogopa zaidi kurudi na kukuta nyasi zake chini ya saruji zikiwa zimekwenda na saini yake mwenyewe.

"Sasa unataka nini?" aliuliza Mwenyekiti.

"Vile vigingi ving'olewe."

"Kigingi ni suala la kitaalamu."

Bi Reki akavua miwani, akaitia kwenye mkoba. Mwenyekiti akahema, akatazama barabara, na pengine akaliona gari lake likienda zake na kiti juu yake. "Katibu!" akaita. "Leta kalamu."

Katibu aliandika ukurasa wa sita upya juu ya goti lake, basi likiruka mashimo, na hakulalamika wala hakufuta neno. Alimwonyesha Bi Reki kwa fahari ya fundi. "Wajumbe, kupitia mtaalamu wao, walijionea kwamba bustani ya kisasa ni nyasi, na kwamba mwananchi hupumzika vizuri zaidi asipotazamana na magari."

"Unaamini hayo?" Bi Reki alimuuliza.

"Mimi, mama? Mimi naandika tu." Akafikiri kidogo. "Lakini hii imekaa vizuri kuliko ile."

Bi Reki akatia saini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliandika jina lake kamili, alilopewa na wazazi.

Taarifa ilisomwa mbele ya baraza zima wiki iliyofuata. Bi Reki aliitwa kama mtaalamu, ila viti vilikuwa vimehesabiwa kwa wajumbe, kwa hiyo mtaalamu alisimama mlangoni. Mkaguzi alilinganisha fomu na taarifa, akageuza, akaitazama kwenye mwanga, akaiweka mezani bila neno. Kwake hiyo ilikuwa pongezi. Kisha Mwenyekiti akasimama kueleza.

"Waheshimiwa," alisema, sauti nene imejaa ukumbi, "mtu ukikaa kwenye benchi, tuseme benchi la nane, kwa dakika kama hamsini na tano hivi, ukainua macho, unagundua jambo. Matawi yanakutana!"

Walipiga makofi mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mwenyekiti alikuwa amemnyang'anya Bi Reki hata matawi, aliyoyasikia akimsimulia dereva njiani. Bi Reki alikasirika, kisha akaona hana nafasi ya kukasirika, maana azimio lilikuwa linapitishwa: bustani ibaki bustani, vigingi viondolewe mara moja. Hakusubiri kikao kifungwe. Alishuka ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye nyasi, akaving'oa vyote kumi na viwili kwa mikono yake, na matundu akayajaza udongo mzuri. Wazee wa drafti wakamsaidia kwa ushauri.

Siku tatu baadaye Mwenyekiti akaja bustanini na mpiga picha wa gazeti. Habari ilikuwa imeshaandikwa, kichwa chake "Mtetezi wa Nyasi", ilibaki picha tu. Alikaa kwenye benchi la katikati, akakunja nne, akatabasamu, akapigwa. Mpiga picha akafunga vyombo vyake akaondoka. Dereva aliwasha gari kule juani akasubiri.

Mwenyekiti hakuinuka. Kwanza alitazama saa. Kisha akaegemea. Akafungua kifungo cha juu cha shati, halafu akainua kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, mdomo wazi kidogo.

"Kumbe kweli," alisema peke yake. Kisha akamwona Bi Reki anakuja na ufagio, anakusanya majani. "Hapa kuna upepo siku zote?"

"Siku zote, Mwenyekiti."

Akasogea pembeni, akapiga mbao kwa kiganja. "Njoo basi ukae, mama. Lako hili. Kaa."

Bi Reki alilitazama lile benchi alilolipaka rangi mara saba. Alitazama madirisha ya halmashauri, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nafsi ilitaka. Miguu ilikataa.

"Nilikaa kule, nilikuwa safarini," alisema. "Hapa niko kazini. Inua miguu nifagie."

Mwenyekiti akainua miguu.